Deni Halishiki Bunduki

Tarehe 9 Novemba 1971, katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey, Marekani, mhasibu aitwaye John List aliwaua kwa risasi watu watano wa nyumba yake: mke wake, mama yake mzazi, na watoto wake watatu wenye umri wa miaka 16, 15 na 13. Kisha akatoweka. Miili ilikaa ndani ya nyumba ile siku 28, hadi polisi walipoingia tarehe 7 Desemba. Yeye mwenyewe alikuja kukamatwa tarehe 1 Juni 1989 huko Richmond, Virginia, akiwa na jina jingine, mke mwingine, na kazi ileile ya kuhesabu fedha za watu.

Kisa hiki husimuliwa kwa sentensi moja fupi: alifilisika, akaiua familia yake. Huko kwao husema hivyo, na sisi huku tuna maneno yetu ya kusema jambo hilohilo. Tunayaandika magazetini na kuyarudia misibani: ugumu wa maisha. Mtu anaua mke na watoto, na kabla kaburi halijafukiwa jibu limeshapatikana. Alikuwa na madeni. Aliachishwa kazi. Biashara ilianguka.

Sikubaliani na jibu hilo. Shida ya fedha inaweza kutueleza kwa nini mtu hakupata usingizi, kwa nini aliuza gari, kwa nini alianza kunywa, hata kwa nini aliikimbia nyumba yake. Haitoshi kutueleza kwa nini aliwaua wanawe. Kati ya deni na risasi kuna uamuzi, na mizizi ya uamuzi huo iko mahali pengine. Kwa kuwa madai ya upande wa pili ni mengi na yanajirudia, nitayajibu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Madeni yalimzidi, ndiyo maana akaua"

Tuanze na hali yake ilivyokuwa, maana sitaki kuipunguza. List alisomea uhasibu Chuo Kikuu cha Michigan na akapanda hadi cheo cha makamu wa rais wa benki. Akanunua jumba kubwa pale Westfield, lenye ukumbi wa dansi ndani yake. Kazi ya benki ikaisha, na zilizofuata hazikulipa kiasi kile. Rehani ya nyumba ikawa mzigo. Badala ya kusema ukweli, alivaa suti kila asubuhi, akaaga, akaenda kukaa kwenye stesheni ya treni akisoma magazeti mpaka saa ya kurudi nyumbani. Ili maisha yaonekane hayajabadilika, alichota akiba ya mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi ghorofa ya juu ya nyumba hiyohiyo.

Hiyo ni dhiki, na hakuna anayebisha. Lakini mwaka huohuo wa 1971, Wamarekani wapatao milioni 5 hawakuwa na kazi. Walirudi nyumbani na habari mbaya, wakagombana na wake zao, wakahamia nyumba ndogo, wakaomba kwa ndugu. Kama kukosa kazi ndiko kunakoua, damu ingefuata idadi ya wasio na kazi, ikipanda pale wanapoongezeka na kushuka pale wanapopungua. Haiendi hivyo. Msukosuko wa uchumi wa 2008 uliwapokonya mamilioni ya Wamarekani nyumba zao, na Oktoba 2009 ukosefu wa kazi nchini humo ulifika asilimia 10. Mwaka huo wa 2009, mauaji kwa jumla yalipungua kwa takriban asilimia 7. Hiyo ni hesabu ya mauaji yote, si ya ndani ya familia peke yake, lakini inatosha kutuonyesha kwamba dhiki ya fedha haigeuki kuwa damu yenyewe kwa yenyewe.

Tuje mitaani kwetu. Nani anabeba madeni makali kuliko wote? Ni mama muuza vitumbua aliyeingia kwenye mkopo wa kausha damu, anayedaiwa rejesho kila wiki mauzo yawepo yasiwepo. Ni dada wa kikoba ambaye friji na kochi vimebebwa mbele ya majirani huku watoto wakitazama. Wanawake hawa huzima simu, huhama mtaa usiku, huuza kitanda, hurudi kijijini kwa mama. Wapo wanaougua kwa mawazo, na wapo waliovunjikiwa ndoa. Hatusikii wakiimaliza familia nzima kwa sababu ya marejesho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham City nchini Uingereza, Elizabeth Yardley, David Wilson na Adam Lynes, walipochunguza visa vya watu walioua familia zao nchini humo kati ya 1980 na 2012, walipata wauaji 71, na 59 kati yao walikuwa wanaume. Deni halijui mume wala mke. Kama lenyewe ndilo muuaji, kwa nini lichague mara nyingi hivyo mkono wa baba?

Dai la pili: "Hakuwa na njia nyingine"

Njia zilikuwepo, tena mlangoni pake. Alikuwa mhasibu mwenye shahada na uzoefu. Alikuwa na nyumba ya kuuza. Alikuwa muumini wa Kilutheri anayefundisha watoto shule ya Jumapili, na mchungaji wake alikuwa mtu wa kufikika. Na serikali yake ilikuwa na misaada kwa familia zilizokwama.

Mahakamani mwaka 1990, daktari wa magonjwa ya akili aliyemchunguza alieleza jinsi List alivyoiona hali yake. Kwa macho yake, njia zilikuwa mbili tu: kupokea msaada wa serikali, au kuwaua watu wake na kuzipeleka roho zao mbinguni. Msaada hakuutaka kwa kuwa ungemfanya achekwe, na kwa kuwa ulipingana na mafundisho ya baba yake kwamba mwanamume ndiye mlinzi na mlishaji wa nyumba.

Tafadhali tuyatafakari maneno hayo. Upande mmoja kuna kuchekwa na majirani. Upande wa pili kuna roho tano. Aliyeona pande hizo mbili ziko sawa hakusukumwa na ukosefu wa fedha. Alisukumwa na imani kuhusu yeye ni nani ndani ya nyumba yake, na uhai wa wengine una thamani gani heshima yake inapoguswa.

Kilichofuata kinalimaliza kabisa dai hili. Alikimbilia Denver, Colorado, akajiita Robert Clark. Akaanza upya kwa kazi ya jikoni hotelini. Polepole akarudi kwenye uhasibu, akajiunga na kanisa, na mwaka 1985 akaoa. Baadaye kazi ilimponyoka tena hukohuko Colorado, na fedha zikawa haba tena. Safari hii hakuua mtu. Maisha ya kawaida, ya mshahara mdogo na yasiyo na cheo, ambayo alidai familia yake isingeyaweza, yeye mwenyewe aliyaishi miaka mingi. Mkewe wa kwanza, mama yake na watoto watatu wangeweza kuyaishi pia. Alichokosa 1971 ni ujasiri wa kuonekana ameshindwa.

Dai la tatu: "Laiti angejua thamani ya kioo"

Wapendao kisa hiki hupenda kusimulia kwamba juu ya ukumbi wa dansi wa jumba lile palikuwa na dari ya vioo vya rangi, kazi ya kampuni ya Tiffany, yenye thamani ya zaidi ya dola 100,000. Nyumba iliungua mwaka 1972 na dari ikaangamia nayo. Kwa hiyo, wanasema, utajiri wa kulipa madeni yote ulikuwa ukining'inia juu ya vichwa vyao bila wao kujua.

Simulizi hii inawaumiza waliokufa mara ya pili. Inatufundisha kwamba watoto wale walikufa kwa sababu baba yao hakujua bei ya kioo, na kwamba hundi moja ingewaokoa. Tuseme angelipata fedha hizo. Angebaki baba yuleyule anayeficha kila kitu, anayemchukulia mama yake akiba, anayeamini kwamba aibu yake ni jambo la kufa na kupona kwa wengine. Fedha zingeahirisha siku ya ukweli kufichuka. Namna alivyoitazama familia yake ingebaki palepale.

Dai la nne: "Aliua kwa huruma, ili kuwaepusha na mateso"

Dai hili lilitoka kwake mwenyewe. Alimwachia mchungaji wake barua ndefu akieleza hofu yake ya umaskini. Lakini barua hiyo haikuishia kwenye fedha. Aliandika pia hofu kwamba watoto wake wangeiacha imani, na akataja binti yake wa miaka 16 aliyependa kuigiza jukwaani. Kwa mkono wake mwenyewe, muuaji anatuambia kwamba madeni hayakuwa yote. Alikuwa na watoto wanaokua, wanaoanza kuwa na matakwa yao, na aliona ni haki yake kuamua wafe wakiwa vile anavyotaka yeye.

Na huruma hiyo ilikuwa na mipaka ya ajabu. Haikumgusa yeye. Katika mahojiano ya televisheni mwaka 2002 alieleza kwamba hakujiua kwa sababu aliamini anayejiua haingii mbinguni. Basi wao watangulie, na yeye abaki na nafasi ya kutubu. Siku ileile ya mauaji alikwenda benki kufunga akaunti, yake na ya mama yake, akaondoka na fedha. Alasiri, wanne wakiwa wameshakufa, alikwenda uwanjani kumtazama mwanawe wa miaka 15 akicheza mpira, akampakia garini, akamrudisha nyumbani, akamuua.

Mwenye huruma humweleza mtoto habari mbaya, akakaa naye mpaka machozi yakauke. Kijana yule hakuulizwa kama angependa kuhamia nyumba ndogo. Dada yake hakuulizwa kama angeacha mazoezi ya jukwaani ili atafute kazi za jioni. Bibi yao, mwenye miaka zaidi ya 80, hakuulizwa hata kuhusu fedha zake mwenyewe. Uamuzi wa kuwamaliza watu bila kuwauliza kitu ni umiliki, hata ukivishwa maneno ya upendo na aya za maandiko.

Dai la tano: "Msongo ulimpandisha wazimu"

Tunajua mtu akilemewa hufanya mambo asiyoyafikiria. Hupiga ngumi ukutani, hutoa maneno makali, hupanda basi bila kujua aendako. List hakuwa katika hali hiyo. Katika barua yake alieleza kwamba alikusudia kwanza kufanya jambo lile tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, lakini mipango ya safari ikachelewa. Alisimamisha maziwa, magazeti na barua zisiletwe nyumbani. Aliziarifu shule kwamba watoto wanasafiri North Carolina kumwona ndugu mgonjwa. Picha za familia alizikata, akaondoa uso wake ili polisi wasiwe na sura ya kutafutia. Gari lake lilikutwa limeegeshwa uwanja wa ndege wa Kennedy, New York. Huu ni mpango wa mtu anayejua hasa anachofanya na anachokikimbia.

Baraza la wazee wa mahakama liliyasikia yote hayo, yakiwemo maelezo ya madaktari kuhusu tabia yake. Tarehe 12 Aprili 1990 likamtia hatiani kwa makosa matano ya mauaji ya kukusudia. Alihukumiwa vifungo vitano vya maisha, kimoja baada ya kingine, na akafariki mwaka 2008 angali mfungwa.

Najibu dai hili kwa uzito kwa sababu linawadhuru wengine. Wapo watu wengi wenye sonona, wenye hofu zisizoisha, wenye mawazo mazito kwa ajili ya fedha. Wengi wao hawamdhuru mtu. Tukilitupa neno "wazimu" kila baba anapoua, tunamfanya jirani mgonjwa aogopwe, na tunamfanya anayehitaji daktari afiche hali yake.

Dai la sita: "Mke ndiye aliyemponza kwa matumizi"

Hili husemwa kwa sauti ya chini, hasa tukiwa wanaume peke yetu. Mke alitaka nyumba kubwa, mke hakutosheka, mke alimsukuma.

Kwanza, mama yake List naye aliuawa. Huyo ndiye aliyekuwa na akiba iliyochotwa kuiendesha nyumba. Watoto watatu waliuawa, na mtoto wa miaka 13 hachukui rehani. Pili, huwezi kumlaumu mtu kwa kutumia fedha ambazo umemficha kwamba hazipo. Mwenye kuaga kila asubuhi kana kwamba anakwenda kazini amemnyima mwenzake nafasi ya kubana matumizi, ya kutafuta kazi, ya kusema "tuuze nyumba". Amemfungia nje ya ukweli, kisha anamshtaki kwa kutoujua. Na hata pale ambapo mke kweli ana mkono wazi, dawa za matumizi mabaya zinajulikana: mazungumzo, wazee, mshenga, talaka ikibidi. Mauaji hayamo katika orodha hiyo.

Dai la saba: "Mbona visa vinavyofanana ni vingi?"

Ni kweli, vipo. Wanaotetea hoja ya fedha hutaja hasa viwili, nami nitavitazama vyote.

Agosti 2008, katika kijiji cha Maesbrook, Shropshire, Uingereza, mfanyabiashara Christopher Foster alimuua mke wake na binti yao wa miaka 15, akaichoma nyumba moto na kufa humo. Kampuni yake ilikuwa imeanguka, alidaiwa zaidi ya pauni milioni 4, na mali yake ilikuwa karibu kushikwa. Kwa haraka haraka, hiki ni kisa cha deni. Lakini Foster aliwapiga risasi pia farasi na mbwa wake, na akaliteketeza jumba lenyewe. Kila alichokihesabu kuwa chake, alikiharibu kisimfikie mwingine. Mke na binti waliwekwa katika orodha moja na farasi, mbwa na nyumba. Deni lilileta tishio la kupokonywa mali. Kuwahesabu watu kuwa sehemu ya mali hiyo kulitoka kwake.

Kisa cha pili ni cha Jean-Claude Romand, Ufaransa. Kwa takriban miaka 18 aliwaaminisha jamaa zake kwamba ni daktari mtafiti wa Shirika la Afya Duniani mjini Geneva. Hakuwa daktari. Masomo ya udaktari aliyaacha njiani mapema, na siku zake alizimaliza kwenye maegesho ya magari, mikahawa na misitu. Aliishi kwa fedha ambazo wazazi, wakwe na marafiki walimkabidhi awawekee akiba Uswisi. Januari 1993, fedha zilipokaribia kwisha na maswali yalipoanza, alimuua mke wake, watoto wake wawili na wazazi wake wote wawili. Mwaka 1996 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2019 akaachiliwa kwa masharti.

Romand hakuandamwa na benki. Waliokuwa wakimdai ni wazazi, wakwe na marafiki zake, watu ambao wangelia, wangemkasirikia, na huenda mwishowe wangemsamehe. Alichokuwa karibu kupoteza ni sura aliyoijenga machoni pao. Aliwaua wale ambao macho yao angeshindwa kuyatazama.

Tukivipanga visa vitatu pamoja tunauona uzi wake. Kiasi cha fedha kinatofautiana mno: mmoja ana rehani, mmoja ana mamilioni ya pauni, mmoja ana akiba za ukoo. Kinachofanana ni siri iliyotunzwa kwa bidii, cheo cha baba kilichogeuzwa kuwa roho ya nyumba, na hakika ya mtu mmoja kwamba yeye akianguka hakuna haki ya mwingine kubaki amesimama.

Dai la nane: "Lakini watafiti wenyewe wanaitaja fedha"

Wanaitaja, na wana haki. Wale watatu wa Birmingham walikuta kwamba kuvunjika kwa uhusiano wa ndoa ndiko kulikoongoza miongoni mwa mambo yaliyotangulia mauaji, na matatizo ya fedha yakafuata. Walikuta pia kwamba wengi wa wauaji wale walikuwa na kazi. Picha ya baba aliyekosa mlo, akashika silaha, haikuwa picha ya walio wengi.

Jacquelyn Campbell wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza mauaji ya wanawake mikononi mwa waume na wapenzi wao nchini Marekani, aliliona jambo linalopaswa kubandikwa kila chumba cha habari. Kukosa kazi kulihusiana na mwanamume kumuua mwenzi wake na kisha kujiua pale tu palipokuwa tayari na historia ya kumpiga. Kukosa kazi peke yake hakukuwa kiashiria. Utafiti wake umeonyesha pia jinsi kuwepo kwa bunduki kunavyoongeza hatari kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo swali la kuuliza baada ya mauaji, na hasa kabla ya mauaji, halianzii kwenye salio la benki. Je, alikuwa akimpiga? Alikuwa akimfuatilia, akimkagulia simu, akimkataza kuwaona ndugu zake? Alitishia kwamba akiachwa atawamaliza wote? Ana silaha? Na hata pale ambapo hajawahi kupiga, maana wengi wa wauaji hawa hawakuwa wamewahi kufikishwa kwenye vyombo vya sheria, je, kuna mlango wa maisha yake ambao hakuna anayeruhusiwa kuufungua?

Dai la tisa: "Ukiyakana haya, unayapuuza maumivu ya maskini"

Hili ndilo dai ninaloliheshimu kuliko mengine yote, kwa sababu aghalabu linasemwa na watu wenye moyo mwema.

Nakubali kwamba umaskini unatesa. Nakubali kwamba mikopo yenye riba ya kunyonya inavunja ndoa, na kwamba serikali inayoiacha iendelee ina lawama. Nakubali kwamba mwanamume aliyelelewa kuamini kwamba bila fedha yeye si mtu, akifilisika huona dunia imefungwa. Shida ya fedha inaweza kuamua ni wiki gani jambo litatokea. Inaweza kuwa ndiyo iliyompeleka mtu ukingoni.

Lakini kumheshimu maskini ni pamoja na kukataa kumfanya mshukiwa. Tunaposema "ni ugumu wa maisha", tunamwambia kila baba mwenye dhiki kwamba mauaji ni mwisho wa kawaida wa njia aliyomo, na tunawaambia watoto wa maskini kwamba baba zao ni wa kuogopwa kila mwisho wa mwezi. Ni uzushi juu ya mamilioni ya watu wanaolala njaa na kuamka wakiwapeleka wanao shule. John List, Foster na Romand hawakuwa maskini. Walikuwa watu wa hadhi walioogopa kuonekana wameipoteza.

Na maneno haya yana matokeo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenzi wao au jamaa zao wa karibu, na kiwango cha juu kuliko mabara yote kilikuwa Afrika. Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya wakitaka mauaji ya wanawake yakome. Hawakubeba mabango ya kuomba nyongeza ya mishahara ya wauaji. Walidai kwamba vitisho vishughulikiwe vinaporipotiwa, na kesi ziamuliwe. Kila tunapoandika "madeni yamemponza", tunayasogeza kando madai hayo na kulifanya jambo la sheria na malezi lionekane kama mvua ya mawe, ambayo haina wa kuuliziwa.

Tuseme nini basi?

Mwandishi wa habari anaweza kuandika kwamba mtuhumiwa alikuwa na madeni, kama hilo limethibitishwa. Asiandike kwamba aliua kwa sababu ya madeni, maana hilo hajalithibitisha, wala halithibitiki kwa kumsikiliza jirani mmoja getini. Aandike pia kama mke aliwahi kwenda polisi au kwa mjumbe, na aliambiwa nini alipofika. Awataje waliokufa kwa walivyoishi, maana nao walikuwa na mipango yao ya mwezi ujao.

Sisi wazazi wa watoto wa kiume tuna kazi ya muda mrefu zaidi. Tuwafundishe mapema kwamba mwanamume aliyefilisika bado ni baba, na kwamba kusema "sina" mbele ya mke na watoto ni jambo la kiungwana. Viongozi wa dini waseme mimbarini na madhabahuni kwamba mlishaji wa familia si mmiliki wa roho zao. Na wewe ndugu uliyezama kwenye madeni leo, mwambie mwenzako leo hiihii, hata kama utaaibika, hata kama atakasirika, hata kama ataondoka. Watu wako wana haki ya kuujua ukweli na kujiamulia watauishi vipi.

Fedha zilizopotea hutafutwa tena, na List mwenyewe alizitafuta tena akazipata. Watu watano aliowaua walikuwa na uwezo huohuo wa kuanza upya, na hakuna deni duniani lililompa haki ya kuwanyang'anya.